Ukitaka Chumba Kipoe, Anza na Paa

Kati ya Januari na Machi, kabla ya mvua za masika kuanza, joto la ufuo wa Ziwa Victoria huwa halina mzaha. Kuanzia mjini Kisumu hadi Kombewa, upande wa magharibi, kipimajoto kilichowekwa kivulini hufika nyuzi 30 za Selsiasi, na alasiri nyingine hupita hapo. Hilo ni joto la nje, chini ya mti. Ndani ya chumba kilichoezekwa mabati matupu, kisicho na dari, hali huwa mbaya zaidi. Mtoto mchanga hulia bila kisa. Nyanya huchukua kiti chake akaenda kukaa chini ya mwembe. Mwanafunzi aliyerudi likizoni husoma ukurasa mmoja mara tatu asielewe kitu.

Lawama kwanza huangukia dirisha. Watu hushona pazia zito, kisha hununua feni. Pesa hutoka na joto likabaki palepale. Sababu ni kwamba sehemu kubwa ya joto hilo haikupitia dirishani. Ilishuka kutoka paani. Familia nyingi za mjini zinazojenga nyumba mashambani Kombewa na Seme kwa jumla, zikitazamia kuja kupumzika Desemba au kustaafu huko, hupiga hesabu ya saruji, milango na vigae vya sakafu, lakini dari huachwa "mpaka pesa zipatikane". Makala haya yanaeleza kwa nini dari haifai kuachwa nyuma, na ni nini hata mpangaji wa chumba kimoja anaweza kufanya bila kumuudhi mwenye nyumba.

Jua letu hupiga wapi?

Yeyote aliyesafiri kwa barabara ya Kisumu kwenda Busia anajua kwamba mstari wa Ikweta hupita Maseno. Kombewa iko kusini kidogo tu ya mstari huo. Maana yake ni kwamba jua la mchana huwa juu ya utosi, au karibu na hapo, mwaka mzima. Hata Juni linaposogea kaskazini, na Desemba linaposogea kusini, wakati wa mchana kati halishuki chini ya digrii 66 kutoka upeo wa macho. Karibu na tarehe 21 Machi na 23 Septemba huwa wima kabisa juu ya nyumba. Na kwa kuwa saa zetu za Afrika Mashariki zinafuata majira ya sehemu iliyo mashariki zaidi, huku ziwani jua hufika utosini karibu saa saba, wala si saa sita.

Hapo kuna mafunzo matatu. Kwanza, sehemu ya nyumba inayopigwa na jua kuliko zote ni paa. Pili, kuta za kaskazini na kusini ni rahisi kukinga. Upenu unaotokeza sentimita 60 tu hutia kivuli zaidi ya mita moja na robo ya ukuta ulio chini yake wakati wa mchana kati, mwezi wowote ule. Tatu, kuta za mashariki na magharibi ndizo zenye taabu. Jua la asubuhi na la jioni huja likiwa chini, likachungulia ndani moja kwa moja, na hapo upenu haufui dafu.

Kwa hivyo anayejenga upya na ailaze nyumba yake kutoka mashariki hadi magharibi, madirisha makubwa yatazame kaskazini na kusini. Kwa bahati njema, Kombewa iko upande wa kaskazini wa Ghuba ya Winam, na upepo wa ziwa huvuma alasiri kutoka upande huo wa kusini na kusini-magharibi. Dirisha la kusini basi hukwepa jua kali na kupokea upepo kwa wakati mmoja.

Mabati na nyasi

Nyumba ya jadi ya Kijaluo ilijengwa kwa kuta nene za udongo na paa la nyasi lililoshuka chini sana, likafanya kivuli cha baraza ambayo kwa Kijaluo huitwa agola. Nyasi ni mirija mingi iliyofumbata hewa, na hewa iliyotulia haipitishi joto upesi. Wazee wetu hawakuhitaji feni kwa sababu jua halikupata njia ya kuwafikia.

Mabati yana faida zake, na hakuna haja ya kuyatukana. Hayashiki moto kama nyasi, hayahitaji kuezekwa upya kila baada ya misimu michache, na yanakinga maji safi ya mvua. Lakini bati ni chuma chembamba. Likipigwa na jua la saa saba, uso wake unaweza kufika nyuzi 60. Joto hilo halingoji kupasha hewa kwanza. Humulika moja kwa moja kichwa, kitanda na meza, kama makaa yanavyomulika mtu aliyekaa karibu na jiko. Ndiyo sababu mtu anaweza kukaa mbele ya feni inayozunguka kwa kasi na bado akahisi utosi unamwaka.

Rangi ya bati nayo ina neno lake. Siku hizi mabati ya rangi ya damu ya mzee na ya kijani kibichi yamependwa sana, na kwa kweli yanapendeza machoni. Hata hivyo, rangi iliyokoza hunywa jua, na bati lililoshika kutu hunywa vilevile. Rangi nyeupe hurudisha juu sehemu kubwa ya mwanga wa jua kabla haujawa joto. Mwenye paa lililozeeka anaweza kulisugua kutu, akalipaka rangi nyeupe iliyotengenezewa paa. Chokaa ya kawaida haifai kwa kazi hii, kwa kuwa haishiki vizuri kwenye bati na mvua za masika huiondoa. Kama unakinga maji ya kunywa kutoka paani, hakikisha kwamba rangi unayonunua haina madini ya risasi na kwamba inaruhusiwa kwa paa la kukingia maji, kisha uache maji ya mvua za kwanza yapite.

Rangi hiyo pia huhitaji kuoshwa. Vumbi la kiangazi likitanda juu yake, weupe hupotea na kazi yake hupungua.

Dari ya mafunjo

Hata paa jeupe hupata joto. Kinga iliyo bora zaidi ni kuweka kitu kati ya bati na kichwa chako, na kitu hicho ni dari. Wenye uwezo huweka mbao nyepesi. Lakini watu wa ziwani tuna kitu kingine kinachoota bure kwenye vinamasi, nacho ni mafunjo, au togo kwa Kijaluo. Shina la funjo lina uboho mwepesi uliojaa hewa. Likifumwa likawa mkeka mnene, linafanya kazi ileile ambayo nyasi za paa zilifanya zamani.

Jambo hili si la kubuni. Katika eneo la mradi wa kilimo cha mpunga wa Ahero, mashariki ya mji wa Kisumu, watafiti waliziwekea nyumba 10 dari za mikeka ya mafunjo na kuzilinganisha na nyumba nyingine 10 zisizowekewa kitu. Matokeo yalichapishwa mwaka 2009. Hawakuwa wakitafuta ubaridi. Walikuwa wakihesabu mbu wa malaria. Waligundua kwamba katika nyumba zilizowekewa dari, mbu hao walipungua kwa zaidi ya robo tatu. Mkeka uleule unaozuia jua la mchana ndio unaomzibia mbu njia usiku.

Anayetaka kuweka dari ya namna hii azingatie mambo machache. Mikeka ifungwe juu ya fito au mbao imara, isilegee katikati. Iachwe nafasi ya kutosha kati yake na bati, na juu ya ukuta wa kila upande, ndani ya nafasi hiyo, pawe na matundu ya hewa ili joto lililonaswa huko juu litoke nje. Matundu hayo yafunikwe kwa wavu wa waya ili popo, panya na nyuki wasifanye makao. Mafunjo yakikauka hushika moto haraka, kwa hivyo koroboi, mshumaa na nyaya za umeme zilizochubuka zikae mbali. Mikeka ikianza kuoza au kutoboka ibadilishwe mara moja. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Joto na mbu

Hapa ndipo suala la ubaridi linapoacha kuwa la starehe na kuwa la uhai. Mbu wa malaria wa kwetu, hasa yule aitwaye Anopheles gambiae, hupenda kuingia kupitia uwazi ulio kati ya ukuta na paa. Nyumba nyingi za mashambani zina uwazi huo, na wenyewe huupenda kwa sababu unatoa hewa. Ukiuziba kwa udongo au saruji umefunga njia ya mbu, lakini pia umefunga njia ya joto. Usiku chumba kinakuwa kama tanuri, mtoto anasukuma chandarua kwa mguu, na mama kwa huruma anakiondoa. Joto ni mojawapo ya sababu zinazotajwa sana na watu wanaoacha kulala ndani ya chandarua.

Kombewa si mgeni katika vita hivi. Kituo cha utafiti kilichoko hapo kilikuwa miongoni mwa vituo 11 katika nchi 7 za Afrika vilivyoifanyia majaribio ya mwisho chanjo ya malaria ya RTS,S, majaribio yaliyoanza mwaka 2009 na kumalizika 2014. Kenya ilianza kuwachanja watoto Septemba 2019, ikianzia Ndhiwa katika Kaunti ya Homa Bay, na Shirika la Afya Duniani likapendekeza chanjo hiyo Oktoba 2021. Lakini chanjo haikuja kuchukua nafasi ya chandarua. Mtoto aliyechanjwa bado anapaswa kulala ndani yake, na atalala ndani yake iwapo tu chumba kinavumilika.

Suluhisho si kuchagua kati ya joto na mbu. Uwazi ule wa juu usizibwe kwa udongo, ufunikwe kwa wavu wa waya. Madirisha nayo yapate wavu. Wavu hupunguza upepo kiasi, kwa hivyo madirisha yawe mapana zaidi, tena yawe mawili yanayotazamana ili hewa iingie huku na kutokea kule. Kuna faida nyingine ambayo watu wengi hawaijui: mbu humtafuta binadamu kwa kufuata hewa anayoitoa puani. Chumba kisichopitisha upepo hujaa hewa hiyo, na kikawa kama kengele ya kumwita.

Nchini Tanzania, katika kijiji cha Magoda wilayani Muheza, nyumba 6 za mfano zilijengwa kwa fikra hiyo, nyingine zikiwa za ghorofa na zenye kuta zinazopitisha hewa. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2017 yalionyesha kwamba nyumba za ghorofa zilikuwa na ubaridi zaidi kuliko nyumba za kawaida za kijijini, na mbu waliomo walikuwa wachache mno.

Ukuta unaotunza joto

Wanafunzi waliopelekwa Kit Mikayi, ile rundo kubwa ya mawe iliyo kando ya barabara ya kwenda Bondo, wanaweza kukumbuka jambo moja. Mchana, kwenye pango kati ya mawe, kuna ubaridi mtamu. Lakini weka mkono juu ya jiwe lililopigwa na jua la alasiri, wakati jua limeshazama, utalikuta bado lina moto. Jiwe hupata joto polepole na hulitoa polepole.

Ukuta wa matofali au mawe hufanya vivyo hivyo. Bati hupoa mara jua linapozama. Ukuta wa magharibi uliokunywa jua tangu saa nane alasiri, kinyume chake, huanza kulitoa ndani ya chumba saa mbili au tatu za usiku, wakati familia inajiandaa kulala. Watu hushangaa kwamba nje kuna upepo mzuri na ndani kunachoma. Basi, ikiwezekana, vyumba vya kulala viwe mashariki, ambako jua huondoka mapema, na stoo au bafu viwe magharibi.

Kama nyumba imeshajengwa, ukuta wa magharibi utafutiwe kivuli. Mwembe au mwarobaini uliopandwa umbali wa mita kadhaa, ili mizizi isisumbue msingi, utafanya kazi hiyo kwa miaka mingi. Asiyetaka kungoja mti anaweza kusimika nguzo mbili, akaunganisha waya, na kupandisha mpasheni. Katika muda usiofika miaka miwili atakuwa na pazia la majani na matunda ya kukamua maji ya watoto.

Dirisha lifunguliwe lini?

Swali hili huleta ubishi katika nyumba nyingi. Baba hutaka madirisha wazi kutwa, mama huyafunga. Kila mmoja anaweza kuwa na haki, ikitegemea nyumba. Kanuni ni moja: simama nje kivulini, kisha ingia ndani. Kama nje kuna nafuu, fungua. Kama ndani kuna nafuu, funga madirisha na mapazia, na ungoje jioni.

Nyumba ya mabati isiyo na dari huwa na joto kuliko nje kutwa nzima, kwa hivyo madirisha yake yakae wazi. Nyumba yenye dari na kuta nene huwa na ubaridi uliotunzwa tangu alfajiri. Ukiifungua saa saba umeukaribisha moto wa nje. Hiyo ifunguliwe magharibi inapoingia, nyavu zikiwa mahali pake, iachwe wazi usiku kucha, na kufungwa tena kunapokucha.

Pazia pia lina mahali pake. Mwanga wa jua ukishapita kwenye kioo na kugonga pazia lililo ndani, joto lake limeshaingia nyumbani. Mkeka uliotundikwa nje ya dirisha husaidia kuliko pazia zito lililotundikwa ndani.

Kwa wapangaji na wanafunzi

Aliyepanga chumba kimoja Nyalenda, Manyatta au karibu na Chuo Kikuu cha Maseno hawezi kupaka paa la mwenye nyumba rangi. Lakini anaweza kutandaza kitambaa cheupe kizito au mikeka chini ya bati, juu ya kitanda na meza ya kusomea, ikaacha nafasi ya hewa. Anaweza kuhamisha kitanda kutoka ukuta wa magharibi. Anaweza kung'oa balbu ya zamani yenye waya unaowaka, ambayo umeme wake mwingi huishia kuwa joto, na kuweka taa za LED. Wapangaji wa ploti moja wakishirikiana, wanaweza kumwomba mwenye nyumba aweke dari na kukubaliana naye namna ya kulipia.

Mapishi yafanyiwe nje inapowezekana. Jiko la makaa ndani ya chumba kilichofungwa halileti joto pekee. Hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu inayoweza kuua watu wakiwa usingizini. Hatari hii haina mjadala.

Feni ina kazi yake, ila ieleweke kwamba haipoezi chumba. Inampoza mtu kwa kukausha jasho lake. Kuiacha ikizunguka katika chumba kisicho na mtu ni kupoteza umeme. Jioni, nje kukishapoa, iweke dirishani ikitazama nje, na ufungue dirisha la upande wa pili. Itasukuma hewa ya moto nje na kuvuta ya baridi ndani. Kitambaa kilicholowa maji kikitundikwa dirishani husaidia alasiri kavu za Januari na Februari, lakini hewa ikishajaa unyevu hakina faida kubwa.

Watoto wachanga na wazee waangaliwe zaidi siku za joto kali. Mtoto anyonyeshwe mara kwa mara na asifungwe nguo nyingi. Mzee apewe maji hata kama hajayaomba. Mtu akianza kuchanganyikiwa, au mwili ukawa wa moto sana, apelekwe kivulini, apozwe kwa maji na upepo, na afikishwe hospitalini bila kuchelewa.

Fedha zianzie wapi?

Haba na haba hujaza kibaba. Hakuna anayelazimika kufanya yote kwa mwaka mmoja. Mambo ya kuanza nayo ni yale yasiyogharimu kitu: kuhamisha kitanda, kutoa jiko nje, kufungua na kufunga madirisha kwa wakati wake. Kisha ije dari, halafu nyavu za madirisha na za uwazi wa juu, halafu rangi nyeupe. Mti upandwe mvua za masika zikianza, kwa maana huo haungojei pesa. Feni iwe ya mwisho, na huenda ukifika hapo ukaona huihitaji sana.

Na kama fedha za mwaka huu zinatosha jambo moja tu, liwe dari ya chumba wanamolala watoto.